Kutafuta hitilafu za umeme kwenye pikipiki iliyobadilishwa: njia ipi uchague, na kwa hali gani

Pikipiki iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani na pikipiki iliyobadilishwa zinaweza kuonyesha dalili zilezile, yaani taa kufifia, fyuzi kuungua, betri kuisha usiku au injini kuzima ghafla barabarani, lakini haifai kuzitafutia hitilafu kwa namna moja. Kwenye ile ya kwanza mchoro wa nyaya wa kiwanda ni shahidi wa kuaminika, kwa sababu rangi ya waya inakuonyesha waya huo unatoka wapi, unapita wapi na unaishia wapi. Kwenye ile ya pili, aliyeongeza taa kubwa za mbele, king'ora cha wizi au soketi ya kuchajia simu, au aliyekata mkia wa fremu ili kufupisha kiti, amebadilisha pia mchoro huo, na mara nyingi mabadiliko yake hayajaandikwa popote. Waya mwekundu unaweza kuwa wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye upande hasi wa betri, na waya mweusi unaweza kubeba volti 12.

Ndiyo maana uchaguzi wa njia ya kutafuta hitilafu una uzito mkubwa hapa kuliko kwenye pikipiki ya kawaida. Nitalinganisha njia zinazotumiwa zaidi, mbilimbili, nikieleza kila moja inafaa wapi na inadanganya wapi. Msimamo wangu nautaja mapema: kwenye pikipiki iliyobadilishwa, kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile kinachochukuliwa saketi ikiwa imebeba mzigo wake, yaani kifaa chake kikiwa kimewashwa na kinavuta mkondo, na mtu mwenye muda wa kujifunza kipimo kimoja tu ajifunze hicho.

Betri hupimwa kwanza, njia yoyote utakayochagua

Hakuna ulinganisho wowote utakaokusaidia ikiwa chanzo chenyewe cha umeme ni kibovu. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, husoma volti 12.6 hadi 12.8, ikisoma karibu na volti 12.0 imebakiwa na chaji kidogo sana. Usomaji huo wa kupumzika hautoshi peke yake. Bonyeza swichi ya stata ukiwa umeweka mita kwenye vichwa vya betri: volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka hata kama ilisoma vizuri dakika moja iliyopita.

Hapa pana mtego unaowapata hasa wenye pikipiki zilizobadilishwa, kwa kuwa wengi wao huweka betri ya lithiamu ili kupunguza uzito. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma husoma karibu volti 13.3 ikiwa imejaa na kupumzika, kwa hiyo volti 12.8, ambazo kwenye betri ya risasi zingekuwa habari njema, kwenye lithiamu zina maana kwamba betri imekaribia kuisha. Mtu anayetumia vipimo vya betri moja kuhukumu nyingine ataitafuta hitilafu mahali isipokuwepo.

Kubadilisha vipuri au kupima

Njia hii ya kwanza naitaja kwa kifupi, kwa sababu ingawa ni ya kawaida, haina mengi ya kuitetea. Kubadilisha regyuleta (kifaa kinachodhibiti volti za chaji), kisha koili, kisha CDI (kifaa cha kielektroniki kinachoongoza cheche ya plagi), hadi pikipiki iwake, kunaweza kufaulu mahali palipo na pikipiki nyingine ya aina ileile ambayo unaweza kuazima kifaa chake kwa dakika chache. Hiyo ni njia halali ya kuthibitisha tuhuma uliyokwisha kuifikia. Lakini kununua kipuri kipya na kukifunga kwenye mfumo ambao bado una hitilafu ni kukiweka kipuri hicho hatarini. Regyuleta mpya iliyofungwa kwenye soketi iliyoungua, yenye pini zilizolegea, hupata joto lilelile lililomaliza ile ya kwanza, na baada ya muda mfupi utakuwa na vipuri viwili vibovu na soketi ileile.

Kung'oa nyongeza zote au kufuata saketi moja

Uchaguzi wa kweli wa kwanza ni huu. Njia moja ni kutenganisha kila kilichoongezwa, taa, king'ora, soketi na honi ya ziada, hadi pikipiki irudi karibu na hali ya kiwanda, kisha kuangalia kama hitilafu imeondoka. Njia nyingine ni kuacha vyote mahali pake na kuifuata saketi yenye tatizo tangu kwenye betri hadi kwenye kifaa na kurudi.

Kutenganisha nyongeza kunafaa pale dalili ni ya jumla na haijulikani inatoka wapi, kwa mfano fyuzi kuu kuungua mara kwa mara au betri kuisha pikipiki ikiwa imeegeshwa. Faida yake ni kwamba inagawanya tatizo kwa haraka: dalili ikibaki, nyongeza zimesafishwa tuhuma na unaweza tena kuutegemea mchoro wa kiwanda, ikiondoka, unarudisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi irejee. Kasoro yake ni kwamba inasumbua nyaya. Hitilafu nyingi za pikipiki ni za mguso hafifu, na kitendo chenyewe cha kuvuta na kuchomoa kinaweza kuurudisha mguso kwa siku chache, hitilafu ikatoweka bila wewe kujua ilikuwa wapi. Kwa hiyo, tatizo likiwa la kuja na kuondoka, sishauri kuanza na njia hii. Anza kwa kugusa: injini ikiwa inanguruma au taa zikiwa zimewashwa, geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, tikisa rundo la nyaya kwenye shingo ya fremu, chini ya tangi na chini ya kiti, ukiangalia ni wapi taa inapepesa au injini inakata.

Kufuata saketi moja kunafaa pale kifaa kinachosumbua kinajulikana, kama vile taa ya nyuma isiyowaka au stata isiyozunguka. Kunahitaji uvumilivu zaidi na kuchora mchoro wako mwenyewe unapoendelea, lakini mwishoni unabaki na kitu ambacho pikipiki hiyo haikuwa nacho, yaani mchoro wa kweli wa nyaya zake. Kwa mtu anayekusudia kukaa na pikipiki hiyo muda mrefu, faida hiyo ni kubwa kuliko kuitibu hitilafu yenyewe.

Njia yoyote utakayofuata, kagua mapema swichi za usalama. Wabadilishaji wengi huondoa swichi ya stendi ya pembeni na ile ya klachi kwa ajili ya usafi wa mwonekano. Kwenye baadhi ya pikipiki nyaya za swichi ya stendi zinapaswa kuunganishwa pamoja baada ya swichi kuondolewa, na kwenye nyingine zinapaswa kuachwa wazi. Zikiunganishwa kinyume, injini haitawaka, au itazima mara tu unapoingiza gia, na dalili hiyo huwapeleka watu kwenye koili na plagi ambazo hazina kosa lolote.

Taa ya majaribio au multimita

Taa ya majaribio ni balbu ndogo yenye waya wenye kibanio upande mmoja na ncha kali upande mwingine. Multimita ni kifaa cha kupimia volti, mkondo na ukinzani. Wengi hudhani mita ni bora kwa kila jambo kwa sababu inatoa namba, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Mita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban omu milioni 10, kwa hiyo inavuta mkondo mdogo mno kutoka kwenye saketi. Chukua waya uliokatika nyuzi zake zote isipokuwa uzi mmoja, au pini iliyojaa kutu ya kijani: mita itasoma volti 12 kamili, kwa sababu hata mguso hafifu kabisa unatosha kupitisha kiasi inachohitaji. Utaandika kwamba waya ni mzima na utaendelea mbele. Taa ya majaribio yenye balbu ya wati 5 huvuta karibu ampea 0.4, na mguso mbovu hauwezi kupitisha mkondo huo bila kujifichua. Taa itafifia au haitawaka kabisa. Kwa kujua haraka kama umeme unaofika mahali una nguvu ya kufanya kazi, taa hiyo ya bei ndogo inaishinda mita iliyotumiwa bila mzigo.

Lakini taa hiyo haifai kila mahali. Pikipiki yenye mfumo wa kunyunyizia mafuta kwenye injini unaoongozwa na kompyuta ina nyaya za vihisi ambazo zimeundwa kubeba mkondo mdogo sana, na kuchomeka taa ya majaribio kwenye waya kama huo kunaweza kuiharibu kompyuta yenyewe. Vivyo hivyo kwa nyaya mbili zilizosokotwa zinazobeba mawasiliano ya kidijitali kati ya vifaa vya pikipiki za kisasa. Huko tumia mita peke yake. Na taa haitakuambia kama umeme ni wa volti 12.4 au 11.6, tofauti ambayo kwa macho haionekani na kwa utambuzi wa hitilafu ni kubwa.

Ushauri wangu ni kuwa na vyote viwili na kuvigawia kazi: taa kwa taa, honi, indiketa, swichi za breki na fyuzi, mita kwa betri, mfumo wa kuchaji, vihisi na kila kitu kinachoguswa na kompyuta. Angalia pia kwamba vipimio vinavyowasha LED ndogo badala ya balbu havibebi mzigo wa maana, hivyo vina udhaifu uleule wa mita.

Kupima mwendelezo au kupima mshuko wa volti

Mwenye mita hukutana na uchaguzi mwingine. Anaweza kuzima umeme, kuchomoa waya, na kusikiliza mlio unaoonyesha kwamba waya haujakatika. Au anaweza kuacha kila kitu kimeunganishwa, kuwasha kifaa, na kupima ni volti ngapi zinapotea njiani. Kipimo cha kwanza ni rahisi na kinapendwa. Cha pili ndicho kinachosema ukweli.

Mlio wa mwendelezo hutumia mkondo mdogo sana kutoka kwenye betri ya mita yenyewe. Unathibitisha kwamba njia ipo, bila kuonyesha kama njia hiyo inaweza kubeba ampea 5 au 9. Ni kipimo kizuri kwa kutambua waya usiojulikana unaishia wapi ndani ya rundo lililofungwa tepu, na kwa kuthibitisha kwamba swichi inafunga na kufungua. Kwa kazi hizo sina kipimo bora cha kupendekeza. Kwa kuhukumu afya ya waya hakifai.

Mshuko wa volti hupimwa hivi. Washa taa yenye tatizo. Weka ncha nyekundu ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na ncha nyeusi kwenye pini chanya ya taa hiyo hiyo ikiwa inawaka. Mita itaonyesha volti zinazopotea upande wa chanya peke yake. Kisha weka ncha nyekundu kwenye pini hasi ya taa na ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri, upate upotevu wa upande wa ethi. Kwenye saketi ya taa, upotevu wa volti 0.2 hivi kwa kila upande unavumilika, ukikuta 0.8 au zaidi, umeipata hitilafu, na kilichobaki ni kuisogeza ncha moja kutoka kiunganishi kimoja hadi kingine mpaka uone ni wapi namba inaruka. Kwenye saketi ya stata, ambayo hubeba mkondo mkubwa, upotevu wa hadi volti 0.5 kwa upande mmoja hukubalika wakati stata inazunguka.

Thamani ya kipimo hiki kwa pikipiki iliyobadilishwa inaonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Tuseme mtu amefunga taa mbili za ziada za wati 55 kila moja, ambazo kwa volti 12 huvuta pamoja ampea 9 hivi, na amezilisha kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5 wenye urefu wa mita 3 kwenda na kurudi. Shaba ya urefu na unene huo ina ukinzani wa takriban omu 0.1, kwa hiyo karibu volti 1 itapotea kwenye waya tu, kabla ya kuhesabu swichi na viunganishi. Kwa balbu ya halojeni, kupungua kutoka volti 12 hadi 11 huondoa karibu robo ya mwanga. Mlio wa mwendelezo utasema waya huo ni mzima, na kwa maana yake ni mzima kweli, kwani tatizo lake ni wembamba. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwenye njia hiyohiyo ungepoteza volti 0.2 tu.

Upande wa ethi unastahili mkazo wa pekee, kwa kuwa hitilafu nyingi za pikipiki zilizobadilishwa hukaa huko huku watu wakihangaika upande wa chanya. Fremu ikipigwa rangi upya, hasa ile rangi ya unga inayookwa, kila sehemu ambapo ethi ilifungwa kwa bolti inakuwa na tabaka la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Madigadi ya plastiki yakichukua nafasi ya yale ya chuma, taa ya nyuma iliyokuwa ikipata ethi kupitia bolti zake haina tena njia ya kurudi. Usukani uliokaa juu ya mipira nao umetengwa na fremu, na indiketa zilizofungwa juu yake zitakosa ethi zisipopewa waya wake. Dalili yake ni ya ajabu kwa asiyeijua: unabonyeza breki na indiketa zinawaka hafifu, au unawasha indiketa na taa ya nyuma inapepesa, kwa sababu umeme uliokosa njia yake ya kawaida unajitafutia njia ya kurudi kupitia balbu nyingine. Ukiona vifaa viwili visivyohusiana vinaathiriana, pima ethi kabla ya kugusa kitu kingine. Kukwangua rangi hadi chuma king'ae, kufunga bolti yenye kishikio cha pete, na kupaka grisi juu yake baada ya kukaza humaliza tatizo hilo kwa miaka.

Fyuzi inayoungua: kubadilisha fyuzi au kuweka balbu mahali pake

Anayetafuta shoti kwa kuchomeka fyuzi mpya kila mara huziunguza nyingi na hajifunzi chochote, kwani fyuzi hufa kwa sehemu ya sekunde, na usipokuwa ukiangalia mahali panapohusika kwa wakati huo, nafasi imepita. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, anahamishia moto kwenye nyaya zilizo chini ya tangi la mafuta. Hilo lisifanywe kwa sababu yoyote, hata kwa safari fupi ya kurudi nyumbani.

Njia bora ni kuchomoa fyuzi na kuunganisha balbu ya taa ya mbele, ya wati 55 kwa mfano, kwenye pini mbili za fyuzi hiyo. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zote na mkondo hauzidi ampea 5 hivi, kiasi ambacho nyaya nyingi za pikipiki huvumilia kwa dakika chache za kutafuta. Sasa sogeza nyaya taratibu, chomoa vifaa kimoja kimoja, na uiangalie balbu: ikizima au kufifia ghafla, umegusa mahali penyewe au umechomoa kifaa chenye shoti. Sehemu za kutazama kwanza ni pale waya unapopita karibu na bomba la moshi, pale tangi linapokalia rundo la nyaya, pale usukani mpya unapovuta nyaya zaidi ya urefu wake, na pale mkia wa fremu ulipokatwa na kuachwa na makali. Kumbuka kwamba kifaa chenye kuvuta mkondo mkubwa kwa kawaida, kama taa kuu, kitaiwasha balbu hiyo hata bila shoti, hivyo vizime vyote kwanza.

Betri inayoisha: mvujo wa mkondo au chaji isiyotosha

Dalili ni moja, yaani asubuhi pikipiki haiwaki, lakini sababu ni mbili na vipimo vyake ni tofauti. Swali la kuamua uanze na kipi ni hili: betri ikichajiwa nje ya pikipiki na kuachwa bila kuunganishwa, inabaki na chaji yake? Isipobaki, betri ndiyo mbovu na hakuna haja ya kuendelea. Ikibaki, endelea.

Kwa mvujo, zima ufunguo, tenganisha waya hasi wa betri, na uweke mita ya ampea kati ya waya huo na betri, ukianza na soketi ya mita ya ampea 10. Pikipiki isiyo na saa wala king'ora inapaswa kuvuta karibu sifuri. King'ora cha kawaida huvuta miliampea kadhaa hadi ishirini hivi. Ukikuta miliampea 50, betri ya ampea-saa 9 itaisha kabisa kwa takriban siku saba na nusu, na itashindwa kuzungusha stata mapema zaidi. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Mshukiwa wa kwanza ni soketi ya kuchajia simu au kifaa cha kufuatilia pikipiki kilichounganishwa moja kwa moja na betri badala ya kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) inayotawaliwa na ufunguo. Usiwashe ufunguo wala kubonyeza stata mita ikiwa katika nafasi hiyo, maana stata huvuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko uwezo wa mita.

Kwa chaji, rudisha nyaya, washa injini, na upime kwenye betri. Katika mzunguko wa kati wa injini, mfumo usio na hitilafu husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Zisipopanda juu ya zile za betri iliyopumzika, au zikizidi 15, kuna tatizo. Hapo tofautisha koili za chaji na regyuleta: chomoa soketi kati yake, na kwenye pikipiki yenye nyaya tatu zinazofanana kutoka kwenye injini, pima volti za mkondo geu (AC kwenye mita) kati ya kila jozi injini ikizunguka. Jozi zote tatu zisome sawa, na zipande kadiri injini inavyoongezewa kasi. Kisha zima injini na uhakikishe hakuna waya kati ya hizo tatu unaogusana na fremu. Koili zikipita vipimo vyote viwili, na soketi zake zikiwa hazijaungua, sasa una haki ya kuishuku regyuleta.

Kuna uwezekano wa tatu ambao hauko kwenye pikipiki za kawaida: kila kifaa ni kizima, lakini mzigo umezidi uzalishaji. Pikipiki ndogo za silinda moja nyingi huzalisha wati mia moja hivi au pungufu. Ukiongeza taa za wati 110 hutapata hitilafu yoyote ya kutibu. Utahitaji kupunguza mzigo, na hapo taa za LED zina maana.

Indiketa za LED: kizuizi cha ukinzani au flasha mpya

Indiketa zikibadilishwa kuwa LED na kuanza kumetameta kwa kasi, hakuna kilichoharibika. Flasha ya asili, yaani kifaa kinachozifanya indiketa ziwake na kuzima, ilitarajia balbu mbili za wati 21 kila upande, na sasa inaona wati chache tu, ikadhani balbu imeungua. Suluhisho moja ni kuunganisha kizuizi cha omu 6.8 hivi sambamba na kila LED ili kuiga mzigo wa balbu. Jingine ni kuweka flasha isiyotegemea mzigo. Nachagua flasha karibu mara zote. Kizuizi hugeuza wati 21 zote kuwa joto, hakiwezi kufungwa karibu na plastiki wala rundo la nyaya, na kinafuta faida ya kutumia LED. Kinabaki kuwa na nafasi pale tu ambapo flasha imejengwa ndani ya kompyuta ya pikipiki na haiwezi kubadilishwa.

Jambo moja hupotosha wengi hapa. Kama dashibodi ina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili, taa hiyo imeunganishwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na inapata ethi yake kupitia balbu za upande usiowashwa. Ukiweka LED, mkondo huo mdogo unatosha kuziwasha, na indiketa zote nne zitametameta pamoja. Dawa yake ni kuzipa pande hizo mbili dayodi mbili (vifaa vinavyopitisha mkondo kwa upande mmoja tu) kuelekea taa ya dashibodi, na upande wa pili wa taa hiyo uunganishwe na ethi.

Kutengeneza kipande au kusuka nyaya upya

Hitilafu ikishapatikana, bado kuna uamuzi. Waya mmoja ulioungua kwenye mfumo ulio mzima unatengenezwa hapo hapo: kata hadi kwenye shaba inayong'aa, unganisha kwa kibano cha chuma kilichobanwa na koleo lake maalumu, na funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Nakipendelea kibano kuliko lehemu kwenye pikipiki, kwa sababu lehemu hupenya ndani ya nyuzi na kuugandisha waya, na mtetemo wa injini huukata pale ugandamano unapoishia. Anayelehemu aushikize waya kwenye fremu kabla ya kiungo na baada yake. Viunganishi vya plastiki vinavyobanwa juu ya waya na kuutoboa sivipendekezi kabisa, kwa kuwa vinakata baadhi ya nyuzi na kuruhusu maji kuingia.

Kusuka nyaya zote upya ni kazi kubwa, lakini kuna hali inayofanya iwe rahisi kuliko kuendelea kuziba. Ukifungua tepu na kukuta rangi za waya zinabadilika katikati ya njia, viungo vitatu au zaidi kwenye saketi moja, na kihami kilichokuwa kigumu hadi kinapasuka kikikunjwa, kila hitilafu utakayotibu itafuatwa na nyingine. Suka upya, na weka mambo mawili ambayo mfumo wa zamani haukuwa nayo. Kwanza, ethi ya waya kwa kila kifaa, zote zikirudi sehemu moja karibu na betri, bila kuitegemea fremu. Pili, rilei kwa kila kifaa kinachovuta zaidi ya ampea chache, ili swichi ya usukani ipitishe mkondo mdogo wa kuamsha rilei tu. Pini zake zinafuata namba za kawaida: 30 hutoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 huenda kwenye taa, na 85 na 86 ni za koili ya rilei, moja ikienda ethi na nyingine kwenye swichi. Fyuzi iwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, maana kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakilindwi na kitu chochote. Na kabla ya kufunga tepu ya mwisho, chora mchoro wenye rangi za nyaya ulizotumia hasa, unene wake na ukubwa wa kila fyuzi, uufunge ndani ya mfuko usiopitisha maji na uuweke chini ya kiti, ambako fundi yeyote atakayeifungua pikipiki hiyo ataukuta.